Mtoto Mkimya wa Mama Pelagia

Mama Pelagia, jirani yetu hapa Kitahana, ana jiwe la kusagia analolipenda kuliko mbuzi wake. Kwao Burundi huliita urusyo. Lina mistari myeupe na myeusi iliyopindapinda, na ndani yake vichembe vyekundu kama punje za mtama. Nikija likizo husagia hapo ulezi, na unga wake haukwaruzi meno.

Likizo ya Pasaka mwaka 1976, Ndugu Omary, mtaalamu wa miamba kutoka Kasulu, alipita akiomba maji. Alipoliona lile jiwe akasahau kiu. Akapiga magoti, akatoa kioo cha kukuzia, pua karibu iguse unga.

"Mama, hili umelitoa wapi?"

Mama Pelagia akamtupia jicho mama yangu, Kezia, aliyekuwa ameketi hapo akichambua mboga. Kisha akanyoosha mkono upande wowote tu.

"Pale chini, karibu na mto."

Pale chini ni shamba letu la maharage.

Mimi nikauliza kwani jiwe lina nini. Ndugu Omary akafurahi kama aliyeulizwa habari za mchumba wake.

"Hili zamani lilikuwa matope ya bahari, binti. Likafukiwa chini, kilomita ishirini na zaidi. Huko joto likalipika bila kuliyeyusha, uzito ukalikanda, chembe zikajipanga upya. Ndiyo hii mistari. Na hivi vyekundu havikuwemo kwenye matope. Vimeota humo humo jikoni."

"Kilomita ishirini kwenda chini?" Mama Pelagia akaguna. "Nani alirudi akakwambia?"

"Jiwe lenyewe, mama. Ramani yangu inasema hapa kuna mawe ya mchanga tu. Kama mwamba wa chini kabisa umechomoza kwenye maharage yenu, ramani itabadilika!"

Akapaka shamba letu rangi ya waridi kwenye ramani, alama ya mwamba huo. Kesho yake akaja na vibarua wawili, wakaanza kuchimba. Mama akasema, "Serikali ikitaka jiwe, maharage yatajitetea vipi?"

Siku ya pili, mashimo saba, jiwe la mistari hakuna. Nilimkuta Mama Pelagia anasaga bila nafaka.

"Mwanangu, nikisema ukweli nitampoteza mama yako."

Akanieleza. Mwaka 1972, walipokimbia mauaji kwao Burundi, kila mtu alibeba alichoweza. Yeye alifunga jiwe mgongoni kwa kanga, likafunikwa vizuri. Walipovuka mpaka hadi Nyabibuye mvua ilikuwa inanyesha, na mama yangu, aliyekuwa kwenye lori akitoka mnadani, akamwona: mzazi na kichanga. Akashuka, akampa nafasi yake na kibuyu cha maziwa. Mama mwenyewe akarudi huku Kibondo kwa miguu, siku mbili.

Siku ya tatu jembe likafika kwenye maharage yaliyochanua. Mara tukamwona Mama Pelagia anateremka mbio, amelifunga jiwe mgongoni.

"Acheni! Kezia, yule mtoto uliyempisha kwenye lori ni huyu hapa!"

Mama akazunguka nyuma yake, akafunua kanga.

"Miaka minne!" akasema. "Miaka minne sikukuuliza alizikwa wapi nisikutoneshe kidonda! Kila Jumapili namwombea! Kumbe naliombea jiwe?"

"Naona maombi yalifika, dada. Halijapasuka."

"Na maziwa?"

"Niliyanywa mimi."

"Kwa hiyo jiwe si la hapa?" Ndugu Omary akadakia.

"Ndugu, subiri zamu yako!"

Mama akafungua kanga, akajifunga jiwe mgongoni mwake. Akatembea tuta moja, akarudi anahema, akaketi chini.

"Hili umelitoa Burundi kwa miguu?"

"Siku tatu."

"Si ungeliacha, mjinga wewe! Mawe hapa yamekosekana?"

"Mawe ya huku yanaacha mchanga kwenye unga."

Ndugu Omary akatikisa kichwa kukubali. Mama akamtazama, akamtazama Mama Pelagia, na mabega yake yakaanza kutikisika. Kicheko cha mama huanza hivyo.

"Basi ile nafasi ilikuwa halali yako. Ila mashimo haya utayafukia mwenyewe."

Mama Pelagia akaanza na lile kubwa. Ndugu Omary akatoa kifutio, akafuta rangi ya waridi taratibu. Alipomaliza tu, mama akamkabidhi jembe.