Siku Visingizio Vyangu Viliposomwa Ukutani Malava

Ukifika Malava ukauliza Javan ni nani, watu watakuangalia tu, lakini ukiuliza Mkwe Malaria, hata mama muuza ndizi wa kando ya barabara atakuonyesha kwa kidole boma la wakwe zangu, na ataanza kucheka kabla hajamaliza kuonyesha. Jina hilo nililitafuta mwenyewe. Sisimulii ili mtu anihurumie, nasimulia kwa sababu kila anayeieleza habari hii anaongeza chumvi yake, na chumvi iliyokuwepo ilitosha.

Mimi nina duka la kupiga chapa na kutoa nakala mjini Kakamega, nakaa Shieywe, na kwa mambo ya kompyuta najiamini (nilikuwa najiamini). Kitu kilichonishinda maishani ni shughuli za ukweni. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali: hampeani mkono, hamketi karibu, ukimwona njiani unapisha, na mkiwa na neno la kuambiana linapitia kwa mtu wa tatu. Wenzangu wamezoea, wanajua wakae wapi. Mimi nikifika pale bomani nakosa pa kuweka miguu, nikiingia sebuleni nasikia sauti yake, nikitoka nje naona leso yake kwenye kona, basi siku nzima nazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, jasho linanitoka na chakula hakipiti. Nikaona afadhali nisiwe naenda.

Lakini kutokwenda kunataka sababu. Nilianza na malaria: mazishi ya babu wa mke wangu, malaria. Ubatizo wa mtoto wa dada yake, mteja ameleta kazi ya haraka. Kisha siku moja nikamuua mjomba wangu Shitandi wa Shianda (mzima kabisa, analima miwa mpaka leo), na miezi michache baadaye, kwa kusahau, nikamuua tena. Mke wangu Khasandi akauliza, "Huyo mjomba si alizikwa?" Nikamwambia huyu ni mwingine, wameitana jina. Kesho yake asubuhi nilipofika dukani nikafungua jedwali kwenye laptopu, safu tatu, shughuli, sababu niliyotoa, maoni, na faili lenyewe nikaliita Sababu. Mwongo lazima awe na kumbukumbu, na yangu ilikuwa imeanza kuvuja.

Sasa hapa ndipo nilipojichimbia. Khasandi alikuwa akinipigia simu, "Mama anauliza kama utakuja," nami nahangaika kulitafuta hilo faili katikati ya barua za watu za kuomba kazi, simu iko sikioni, nakohoa ili nipate muda. Nikafanya ujanja. Ile programu ya majedwali ina folda yake moja, faili lolote utakaloliweka humo, programu ikiwashwa tu inalifungua kabla ya kitu kingine. Nikaliweka Sababu humo, nikajipongeza. Tangu hapo kila nikiwasha programu linatokea lenyewe, nami nalifunga bila hata kuliangalia, jinsi mtu anavyofukuza nzi. Na nzi ukishamzoea humwoni tena.

Khasandi hakugombana nami. Siku moja alikunja nguo zake na za mtoto wetu Imani, akazitia mkobani, akasimama mlangoni. "Baba Imani, nimechoka kukaa kwa matanga yetu kama mjane na bwana niko naye. Siku utakuja nyumbani mwenyewe, mama akuone na macho yake, ndio tutarudi." Wiki tatu nilikula ugali na mayai. Niliacha redio iongee peke yake ili nyumba isinyamaze. Mara mbili nilifika mpaka kituo cha magari ya Malava, nikanunua gazeti (sijui kwa nini, sisomi magazeti), nikarudi nyumbani. Niliwataka warudi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na miguu haikukubali.

Ndipo simu ikaja. Mama mkwe ni mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wanaofuga kuku, wanapokea vifaranga kwa zamu, na zamu ilikuwa imeleta maneno kwa sababu orodha ya karatasini kila mtu aliijua kivyake. Khasandi akasema, "Mama anasema mkwe anajuanga kompyuta. Ukuje Jumamosi, uweke hiyo orodha kwa ukuta, kila mtu ajionee, maneno iishe." Nilielewa vizuri sana. Ule haukuwa mwito wa orodha, ulikuwa mlango unafunguliwa kidogo niingie. Nikasema nitakuja. Na nilipokata simu (naomba mnisamehe hapa), vidole vyangu vikaenda vyenyewe kwenye Sababu vikaongeza mstari: Kikundi cha kuku Malava. Tumbo. Kwenye maoni: akiba. Sikuwa na nia ya kuitumia. Ni vile tu mtu hubeba mwavuli hata jua likiwaka.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa na projekta ya kukodi. Soketi iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa moja tu, mbele kabisa, ubavuni mwa kiti cha mwenyekiti, basi nikaweka meza hapo. Nikawasha programu, Sababu likatokea, nikalifunga, nikafungua orodha ya zamu, ndipo nikawasha projekta. Safi kabisa. Kina mama wakaanza kuingia, na nilipoona mama mkwe amefika mlango wa mbele, mimi nilikuwa tayari nimefika mlango wa nyuma. Akaketi kwenye kiti chake, kiwiko chake kikagusa meza yenye laptopu. Khasandi akashika kibodi. Mimi nikabaki nyuma nimesimama, kwa sababu nilijaribu kuketi nikashindwa.

Kazi ilienda vizuri. Huyu alisogezwa juu, yule alirudishwa chini, Khasandi anaandika, ukuta unaonyesha, kina mama wanaitikia. Mama mkwe aliitikia kwa kichwa mara mbili. Nilihesabu. Nikaanza kuuona mkoba wa Khasandi uko Shieywe juu ya kabati mahali pake.

"Baba Imani," Khasandi akaita, "imekataa kusevu."

Kosa nililijua papo hapo. Orodha nilikuwa nimeifungua moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuinakili kwanza kwenye mashine, jambo ninalowakataza wateja kila siku, tena nimelibandika ukutani dukani kwa herufi nyekundu. Flashi ilikuwa imelegea. Nikamwambia aihifadhi mahali pengine, akajaribu, akasema, "Sasa imeganda." Na kweli ukuta wote ulikuwa umepauka.

Kama ningefika pale mezani, ni kazi ya dakika moja. Nikapiga hatua mbili. Mama mkwe akavuta leso ikafunika kichwa, akageuza uso kwa heshima, nami nikarudi hatua tatu. Kina mama wananiangalia mimi, wanaangalia ukuta, mwingine kwa nyuma anauliza kama zamu yake imemezwa na mashine, nataka tu yaishe. Nikapaza sauti kutoka mlangoni, "Ifunge kwa nguvu, halafu uiwashe tena. Hiyo alama ya kijani, bonyeza mara mbili."

Akabonyeza. Kale kaduara kalipoanza kuzunguka ukutani ndipo nilipokumbuka.

"Ngoja," nikasema. "Khasandi, ngoja kwanza."

Halikungoja. Sababu lilifunguka likajaa ukuta mzima, tena kwa maandishi makubwa, maana macho yangu si mazuri na nilikuwa nimeyakuza. Kulikuwa na mama mmoja mstari wa mbele anaitwa Mama Rispa, anauza omena sokoni na sauti yake ni ya sokoni, naye kwa moyo mwema kabisa akaanza kuwasomea wenzake waliosahau miwani (kwetu kuka ni babu, senje ni shangazi). "Mazishi ya kuka. Malaria. Ubatizo wa Eliza. Kazi ya haraka. Harusi ya Wycliffe. Gari liliharibika. Matanga ya senje. Malaria tena, hapa ameandika, isizidi mara moja kwa miezi miwili. Kupeleka mama hospitali. Mjomba Shitandi amekufa." Akasogea mbele. "Mjomba Shitandi amekufa. Hapa ameandika, alishakufa, kuwa makini."

Ukumbi ulianza kucheka kuanzia nyuma. Khasandi hakucheka. Alikuwa anasoma taratibu, mstari kwa mstari, na kila mstari ulikuwa ujumbe aliowahi kuubeba yeye kwa mdomo wake mwenyewe, kuwapelekea watu wake, akinitetea. Alipofika chini kabisa akasoma kwa sauti ndogo ambayo niliisikia hata nikiwa mlangoni. "Kikundi cha kuku Malava. Tumbo. Akiba." Akageuka akanitazama. Ningechapwa viboko mbele ya kanisa zima ningeona afueni. Mlango ulikuwa nyuma yangu, wazi, na nakiri niliupima kwa macho. Sijui ni nini kilichonizuia, nafikiri ni ule uso wake.

Mama mkwe akavaa miwani, akasoma yote kuanzia juu, bila haraka. Kisha akamwinamia Khasandi akamnong'oneza, na Khasandi akasimama.

"Mama anasema huo mstari wa mwisho ufutwe, kwa sababu leo umekuja. Hizo zingine ziachwe kwanza. Bado anasoma."

Halafu mama mkwe akainuka, akajibebea kiti chake mpaka ukuta wa upande ule, akaketi amenipa mgongo ili nipate njia. Nikapita katikati ya kina mama wote wale, kila mmoja anauliza kuhusu afya yangu. Nikafuta mstari, nikabonyeza kuhifadhi, mashine ikagoma (kizuizi nilikiweka mwenyewe baada ya ule mstari wa akiba, faili lisije likaharibika), ikaleta maandishi yake.

"Inasemanga nini?" Mama Rispa akauliza.

"Inasema hili faili ni la kusomwa tu," nikajibu. "Halikubali kubadilika."

"Kama mwenyewe," akasema.

Ikabidi nifunge kila kitu, niingie kwenye ile folda, nilifute faili lote mbele yao. Nikachomoa flashi nikaichomeka vizuri, orodha ya kuku ikarudi, isipokuwa mabadiliko ya mwisho, kwa hiyo Mama Rispa alijikuta amerudi nafasi ya kumi na tisa na mpaka leo anasema nilifanya makusudi.

Khasandi hakurudi nami siku hiyo. Alinisindikiza mpaka getini, kisha akasema, "Ukuje Jumapili. Na ile ingine. Na ile ingine." Nilienda Jumapili nne, nikikaa mahali mkwe anapokaa, nikila kuku huku jasho likinitoka, na Jumapili ya nne nilikuta mkoba wake uko mlangoni umefungwa na Imani amevaa viatu.

Folda ile sasa iko tupu, naichungulia kila asubuhi. Sikosi shughuli ya ukweni hata moja, na nimeapa sitakosa, si kwamba nimekuwa mtu mwema, ni kwamba sina tena neno litakaloaminika. Juzi kulikuwa na matanga kule na kweli kabisa niliamka na malaria, ya kupimwa, karatasi ya kliniki ninayo. Nilimwonyesha Khasandi, akaisoma pande zote mbili, akasema, "Vaa sweta twende." Nikaenda. Nilikuwa nimejikunyata upande wa wanaume natetemeka mpaka kiti kinalia, ndipo Khasandi akaja na kikombe cha uji wa moto amekishika kwa mikono miwili.

"Mama ametuma," akasema. "Amekuangalia kutoka kule jikoni. Anasema kunywa, hii ya leo ni ya ukweli."