Kasuku na Filamu ya Daraja

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahauliwa hata na majirani. Wote walimwita Kasuku, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwasemea wengine. Ikiletwa filamu ya ng'ambo, mabomu tele na lugha isiyoeleweka, yeye hukaa pembeni ya pazia katika ukumbi ulio nyuma ya soko, kipaza sauti mkononi, akigeuza kila neno kuwa Kiswahili papo hapo. Polisi akifoka, Kasuku anafoka. Bibi kizee akiomba maji, Kasuku anatetemesha sauti na ukumbi mzima unaangua kicheko. Watu walisema filamu mbovu ikipita mdomoni mwake hutoka imeoga.

Tena alikuwa na tabia moja. Onyesho likiisha, alisimama mlangoni, na waliokuwa nje wakisubiri zamu yao wakamwuliza, "Vipi, inafaa?" Naye aliwaambia kweli, hata mwenye ukumbi akimkata jicho.

Kisha mkewe akafariki. Yalianza kama mafua tu, yakageuka homa, na kabla ndugu hawajajua kama anaumwa, wakaitwa kuja kuzika. Kasuku alipanga viti, akapokea wageni, akawaonyesha wazee mahali pa kunawia mikono. Hakutoa hata chozi. Wengine walimsifu kwamba ni mwanamume, wengine wakanong'ona kwamba ana moyo wa jiwe. Yeye mwenyewe alijiona kama mguu uliolaliwa: upo, unauona, lakini ukiugusa ni kama wa mtu mwingine.

Wageni waliondoka, mama mkwe akabaki. Walikuwa wakila pamoja, wakisalimiana, wakipishana mlangoni. Mazungumzo yao hayakujaza kijiko.

Siku aliyorudi kazini, mwenye ukumbi alimpokea na filamu mpya, ameishika kama aliyebeba yai.

"Kasuku, hii imekula mali ya nchi nzima! Magari yamelipuliwa ya kweli, si ya kuchora."

"Sawa," Kasuku akasema, akaketi.

Ilikuwa habari ya mpelelezi. Watu hawajakaa vizuri vitini, majambazi wakamuua mkewe. Mwanamke yule alipewa sentensi mbili tu katika filamu nzima: "Usichelewe leo," na "Funga mlango vizuri." Kasuku akazisema kwa ile sauti yake ya kike, laini, yenye kuvuta maneno mwishoni. Ukumbi ukacheka kama kawaida. Ndipo alipotambua kwamba sauti ile hakuibuni. Aliichukua nyumbani, kwa mkewe, miaka mingi iliyopita. Alingoja moyo umshtuke. Haukushtuka. Akaendelea na kazi.

Mazishi yakapita, miavuli myeusi na jeneza, na picha iliyofuata mpelelezi alikuwa tayari anajaza risasi. Wakakimbizana miji mitatu. Halafu likaja daraja. Magari yakiwa katikati, nguzo zikaanza kuachia, na filamu ikazima kila sauti: hakuna muziki, hakuna mngurumo, vyuma vinaning'inia tu na gari la shule limebaki nusu hewani. Kasuku hakuwa na neno la kutafsiri. Ukumbi ulinyamaza kiasi cha kusikia feni ikizunguka. Alijikuta ameinama mbele, amekikumbatia kipaza sauti, na kwa kitambo kile hakuwa mjane wala mtafsiri.

Baada ya hapo filamu ikajiharibia. Adui mkuu alimfunga mpelelezi kwenye kiti, kisha badala ya kummaliza akaanza kumsimulia mipango yake yote, hata Kasuku akakaukiwa koo. Mara pacha wa adui huyo akatokea, ambaye hakutajwa tangu mwanzo. Mwishoni mpelelezi akatabasamu, akapanda boti na mwanamke mwingine.

Mlangoni alikuwepo kinyozi wa jirani, mteja wa siku zote.

"Vipi kaka, inafaa?"

"Ingia ukaone daraja," Kasuku akamjibu. "Sijawahi kuona kitu kama kile. Mapigano nayo yamepigwa vizuri, unaona nani kampiga nani. Ila saa ya mwisho ni maneno matupu. Na yule bwana kafiwa asubuhi, jioni anaendesha pikipiki. Hakulia hata kidogo."

"Kwani wewe umelia?"

Neno lilishamponyoka. Kinyozi akajishika mdomo. "Nisamehe, kaka. Ulimi hauna mfupa."

"Sijalia," Kasuku akasema, bila hasira. "Lakini kila asubuhi nakikuta kikombe chake pale kabatini. Nakisogeza ndipo nichukue changu. Yule bwana hawakumwekea hata kikombe. Kasoro yao ni hiyo."

Jioni ile, mezani, mama mkwe akavunja ukimya. "Leo mmeonyesha nini, baba?"

Akamsimulia, kwa sauti kavu kama anayesoma tangazo. Alipofika kwenye kifo, mama akamkatiza.

"Huyo mke alikuwa anafanya kazi gani?"

"Hawakusema, mama."

"Wamejenga daraja zima walibomoe, wakashindwa kusema mtu alikuwa anafanya kazi gani?"

Mama akachukua sahani, akaanza kueleza jinsi binti yake alivyojifunza ushonaji kwa kuharibu mapazia yote ya nyumba, na kipigo alichokwepa kwa kujificha ndani ya hayo mapazia yenyewe. Kasuku alisikiliza. Alijua hapo ni pa kucheka, akacheka kidogo, kwa adabu.

Jumamosi mama akajitanda kanga akaenda ukumbini, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga huko. Alikaa nyuma kabisa, mkoba mapajani. Walipotoka, Kasuku akamwuliza, kama wengine walivyozoea kumwuliza yeye.

"Vipi, mama, inafaa?"

"Magari mengi mno. Na yule mwenye pacha anaongea kama redio." Akatembea hatua chache. "Lakini lile daraja, mwanangu! Nilisahau kupumua. Nilisahau kila kitu."

"Hata mimi, mama."

"Basi wamefanya kazi."

Filamu iliondolewa, na mama mkwe naye akarudi kwake. Kasuku alimbebea mzigo hadi kituoni, akamngojea mpaka gari likaondoka. Aliporudi, mwenye ukumbi alimsimamisha njiani na filamu nyingine, ya vichekesho.

"Nipe wiki moja," Kasuku akasema.

Hakuwahi kuomba mapumziko tangu aanze kazi ile. Akaenda nyumbani, akajitupa kitandani na viatu vyake, mchana kweupe, akalala.