Begi la Wifi
Kwa miaka kumi na minne Mama Stoo alikuwa akikagua mizigo ya wapanda mlima, na wageni wote walimtii. Hakuna aliyemtoa jasho kama wifi yake, dada wa mumewe, siku alipokuja kupanda.

Begi ambalo mpagazi humbebea mgeni halitakiwi kuzidi kilo kumi na tano. La wifi lilifika kumi na nane.

"Wifi, pasi ya nini mlimani?"

"Ya gauni. Nipigwe picha kileleni nimekunjamana?"

Mama Stoo akaitoa pasi, akatoa na viatu vya visigino. Kila alipogeuka kumhudumia mgeni mwingine, vitu vilirudi begini. Walivutana hivyo mpaka dereva wa gari la wapandaji akapiga honi.

"Basi, panga mwenyewe!" Mama Stoo alifoka.

Wifi akapanga, akapima. Kumi na tano kamili! Gari likaondoka.

Mama Stoo alipoanza kufagia, akaukuta mfuko wa kulalia umefichwa nyuma ya mlango. Kule juu maji huganda ndani ya hema! Akadandia pikipiki, akala vumbi njia nzima, akalikuta kundi kwenye lango la mlima bado linaandikishwa.

Wifi alikuwa amekalia begi lake, anamenya ndizi.

"Umechelewa, wifi yangu. Nilijua tu utaniletea."

Mama Stoo alitamani kumtukana, ila dada wa mume hatukanwi hadharani. Akamfunga ule mfuko mgongoni kwa kamba, akakaza fundo mara mbili.

"Mpagazi hataugusa," akasema. "Huu utaubeba wewe."