Nyusi za Mtu Mzima

Kwetu Korogwe shikamoo inapanda tu, haishuki. Mdogo anampa mkubwa, mkubwa anaitikia marahaba, basi. Mimi ni kitinda mimba, kwa hiyo utoto wangu wote niliumaliza nikigawa shikamoo: kwa majirani, kwa walimu, kwa binamu walionizidi miezi minne, na kwanza kabisa kwa dada yangu, ambaye amenizidi miaka tisa na hajawahi kuniacha nisahau hata mmoja. Naandika haya nikijua kwetu hawataamini. Mwaka jana, mchana kweupe, kwenye stendi ya mabasi ya Digbeth, huku kwa Waingereza, dada yangu huyohuyo alinipa shikamoo. Na mimi nikaitikia.

Chanzo chake ni hasira. Mama yetu alipofariki, karatasi zangu zilikuwa kwa watu wa uhamiaji, na karatasi zikiwa kwao mtu haendi popote. Nilikaa kwangu Northfield na simu mkononi, dada akazika. Baada ya mazishi nikampigia. Nilitaka kujua kila kitu: nani alimwosha mama, alivalishwa nini, kaburi liko upande gani. Dada akasema, "Usijisumbue na hayo, mdogo wangu. Watu wazima tumeshamaliza. Umekula? Umevaa sweta?"

Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Nina binti aliyenipita urefu. Kazini, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli, nasimamia wanawake kumi na wawili na wananiogopa. Umevaa sweta! Nilikata simu, na kwa miaka miwili baada ya hapo mimi na dada tuliongea habari za mvua tu: ya kwao, inayomsumbua magoti, na ya huku.

Alipostaafu ualimu akasema anakuja kunitembelea wiki tatu. Nikaamua jambo moja. Atashuka kwenye basi na kumkuta mtu mzima anamsubiri, mtu ambaye unaweza kumketisha chini ukamweleza mama yake alivyozikwa.

Sasa hili neno mtu mzima lina mtego wake, na mimi mwenye Kiswahili changu sikuuona. Ukimwambia kijana wa miaka ishirini awe mtu mzima, unataka aache upuuzi. Lakini ukisema yule mama sasa ni mtu mzima, unamaanisha ashikwe mkono akishuka ngazi.

Nilikwenda kwa msusi wangu, mama mmoja wa Bukavu anayefanya kazi sebuleni kwake Newtown, ghorofa ya tisa, na lifti ikikubali. Wateja wake karibu wote ni akina mama wa kanisa lao.

"Ikala hapa, maman," akaniambia. "Leo tukufanye namna gani?"

"Nataka nionekane mtu mzima."

"Muzima namna gani?"

"Mzima kabisa. Mtu akiniona tu anipe heshima."

"Aaa, bon. Nimesikia."

Alichosikia ni kingine. Alichukua wembe akaondoa nyusi zangu zote, za kulia na za kushoto, akanichorea nyingine kwa wanja, nyembamba, juu kabisa, zimepinda, nikawa kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu sasa hivi. Akanipaka poda nyeupe kuliko mimi mpaka uso na shingo vikawa havijuani. Midomo akaipaka rangi ya kahawia na kuizungushia mstari mweusi. Halafu akaleta wigi, fupi, jeusi la kung'aa, lenye mawimbi magumu yasiyotikisika hata ukigeuka ghafla.

"Voilà," akasema, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yake. "Sasa uko mama muzima kabisa. Ni wewe utafungua maombi."

Aibu yangu kubwa ni kwamba nilipenda. Nilijitazama kwenye kioo nikaona mtu asiyeweza kuulizwa habari za sweta.

Nguo nilizipata dukani Northfield, kwenye chariti, duka la mitumba ya msaada. Suti ya rangi ya damu ya mzee, mabega yamejazwa sponji, vifungo vya dhahabu vikubwa kama biskuti. Mama wa Kizungu aliyekuwa akiuza, ambaye kwa haraka hakupungua miaka sabini na tano, aliikumbatia kabla hajaitia mfukoni. "Ooh, I've got this very one at home, bab," akasema, bab likiwa neno lao la huku la kumwita mtu kwa upendo. Nikachukulia kuwa ni sifa. Hapohapo nikaona mkufu wa kuning'inizia miwani, nikauchukua pia. Miwani yangu ni ya kusomea tu, lakini mkufu ulivyoning'inia vizuri nikaona nitaivaa hata kama hakuna cha kusoma.

Siku ya kumpokea dada, binti yangu alinikuta kwenye ngazi. Mimi humsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiingereza, na hivyo ndivyo tunavyoishi.

"Mum. No."

"No nini?"

"Just no. You look like you're about to expel me."

"Ndivyo ninavyotaka," nikamwambia, nikatoka.

Kwenye basi nilitoa kadi yangu ya benki nilipe, dereva akanipungia mkono nipite. "You're all right, bab, it's gone half nine." Nimekaa mji huu miaka kumi na tisa. Najua fika kwamba wazee hupanda bure baada ya saa tatu na nusu asubuhi. Lakini siku hiyo akili yangu ilikuwa Digbeth, nikadhani heshima imeshaanza. Nilipofika katikati ya basi, mwanamke mmoja mjamzito, tumbo limemtangulia, akainuka anipishe kiti. Nikakataa. Akasisitiza, mkono mmoja ameshika tumbo, mwingine amenishika mimi nisianguke. Nikakaa. Nilisema moyoni, msusi wangu ni fundi.

Stendi nilisimama wima, kanga nimeikunja mkononi ili nimfunike dada na baridi. Miwani nimevaa. Kila kilichokuwa mbali kuliko mkono wangu kilikuwa ukungu, nami katika ukungu huo nilikuwa namtafuta mama mnene wa kitenge na kilemba, mabegi manne, labda na mkongojo, maana kwenye simu alikuwa akilalamikia magoti. Basi la uwanja wa ndege likaingia, watu wakashuka, wakapungua. Mama wa kitenge sikumwona. Kulikuwa na msichana mmoja tu mwenye jinzi aliyenipita akienda, akanipita akirudi, kisha akasimama mbele yangu na kuinama kidogo.

"Shikamoo mama."

Mdomo ulijibu wenyewe. "Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Samahani, nimeona kanga nikajua ni mtu wa nyumbani. Namtafuta mdogo wangu, alisema atanipokea hapa. Msichana mwembamba hivi, mchangamfu."

"Sijamwona, mwanangu. Hata mimi namsubiri dada yangu. Mtu mzima, na magoti yanamsumbua."

Ile sauti ikabadilika, ikawa sauti iliyonifundisha hesabu kwa rula.

"Magoti ya nani?"

Nilivua miwani. Alikuwa dada. Jinzi, raba nyeupe, nywele zimesukwa mistari ya kurudi nyuma, uso hauna kitu ila mafuta. Ana miaka hamsini na mitano na alionekana kama mdogo wangu. Kumbe kilichokuwa kikimzeesha ni madaftari ya watoto wa watu, na sasa ameyatua.

"Mungu wangu," akasema. "Wamekufanya nini?"

"Nani?"

"Sijui. Waingereza."

Kisha akacheka. Alicheka akakalia sanduku lake, akajishika mbavu, akanionyesha kwa kidole akashindwa kusema, akacheka tena mpaka mlinzi wa stendi akaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Kwenye basi la kurudi, dereva mwingine alinipitisha bure na kumsimamisha yeye alipe. Ningemdanganya kuhusu sababu, lakini tangazo lilikuwa limebandikwa palepale, na dada ni mwalimu, husoma matangazo yote. Akacheka mpaka Northfield.

Nyumbani hakuacha. "Shikamoo bibi, choo kiko wapi? Shikamoo bibi, naomba chumvi." Binti yangu hajui kusema Kiswahili lakini anakielewa barabara, naye alikuwa anakufa kwa kicheko. Nilivumilia mpaka wakati wa chakula. Dada aliponiuliza kama bibi ataweza kutafuna nyama, nikapiga mwiko mezani, mchuzi ukaruka ukatua kwenye vifungo vya dhahabu.

"Nilitaka unione mtu mzima!" nikasema. "Ulisema watu wazima mmeshamaliza. Mmemaliza nini? Alikuwa mama yangu pia. Nilikuwa na miaka arobaini na minne, dada, ukaniuliza sweta!"

Nikalia. Wanja ukashuka, ukaukuta ule mstari mweusi wa midomo, vikaungana. Binti yangu aliacha kula.

Dada aliinuka, akaenda bafuni, akarudi na taulo lenye maji ya moto, akanishika kidevu na kunifuta uso kama alivyokuwa akinifuta makamasi nikiwa na miaka mitano. Nyusi zilitoka kwa mara moja. Alisimama na taulo mkononi akiniangalia, na nilimwona akipigana na kicheko kingine kwa nguvu zake zote.

"Oh my God, Mum," binti yangu akasema. "Where are they?"

Asubuhi iliyofuata sikwenda kazini. Dada aliketi kwenye kochi, akaniketisha kwenye zulia katikati ya magoti yake, yale mabovu, akachukua kitana.

"Nikusuke nini?"

"Kama zako."

Kitana kikasimama. "Unajua hizi zinaitwaje?"

Nilijua. Kila mwanamke wa kwetu anajua. Mtindo huu unaitwa twende kilioni, kwa sababu ndio unaosukwa haraka haraka habari ya msiba ikija na hakuna muda wa madoido. Nikamtajia.

"Haya," akasema kwa sauti ndogo. "Twende."

Akaanza kusuka, na kwa kila mstari akanieleza. Nani alifika wa kwanza. Jirani yetu aliyezimia mara tatu, na kila mara akichungulia kwanza mahali pa kuangukia. Wali ulioungua sufuria nzima, na shangazi aliyesema mama angeamka kwa aibu. Nani alimwosha mama, kanga gani ilitumika, kwamba ni ile niliyoituma mimi. Udongo ulikuwa umelowa na kiatu cha dada kikabaki kwenye tope, akarudi nyumbani mguu mmoja peku. Nililia na kucheka bila kugeuza kichwa, maana ukigeuka anakupiga na kitana.

Alipofika mstari wa mwisho akasema, "Sikukuambia kwa sababu nilishindwa. Huko kusema watu wazima ilikuwa kujikaza tu. Mtu mzima nilikuwa peke yangu."

Vidole vyake viliendelea kusuka.

"Na jana," akaendelea, "uliponiambia marahaba mwanangu, kabla sijakutambua, nilisikia raha. Tangu mama afe, pale nyumbani kila mtu ananipa mimi shikamoo. Mimi sina wa kumpa."



"Unanivuta nywele," nikasema.

"Tulia wewe," akasema.

Wiki tatu zilikwenda. Wigi alilichukua binti yangu kwa mchezo wa kuigiza wa shuleni, wakampa mtoto anayecheza jaji. Suti niliirudisha chariti, na yule mama aliipokea kwa furaha, akasema ya kwake imeanza kuchakaa. Msusi wangu wa Newtown nilimsimulia yote. Akashangaa. "Lakini ulipata heshima ao hapana?" akaniuliza, nikakubali kwamba niliipata. Nyusi zikaanza kuota, ya kulia ikiitangulia ya kushoto kwa siku kadhaa.

Siku ya kumsindikiza kulikuwa na manyunyu na upepo. Tulikwenda Digbeth sote wawili tumevaa jinzi, vichwa vyote viwili twende kilioni, na kwenye basi dereva alinidai nauli kama watu wengine. Dada alipakia sanduku, akapanga foleni, akafika mlangoni mwa basi, halafu akatoka kwenye foleni na kurudi niliposimama. Nilidhani amesahau kitu. Akakunja magoti kidogo, kama tulivyokuwa tukifanya mbele ya mama tukitoka shuleni. Hakuwa anacheka.

"Shikamoo," akasema.

Watu wa foleni walikuwa wanatutazama.

"Marahaba, mwanangu," nikamwitikia. "Umevaa sweta?"

Akafungua zipu ya koti akanionyesha.