Keili Haina Tiketi

Juzi, rafiki yangu, nilipita Braamfontein, hapa Johannesburg, nikaona tangazo ukutani: usiku wa "cèilidh", ngoma za Uskoti, hakuna kuingia bila tiketi. Nilipandwa na hasira papo hapo. Neno hilo hutamkwa keili, na nalijua tangu utotoni.

Mwaka 2015 tuliishi Bertrams, na umeme ulikatwa jioni nyingi. Bibi yangu aliwasha mbabula, lile jiko la makaa, barazani, sombe yake ya majani ya muhogo ikatokota juu ya makaa, moshi ukatuwasha macho. Ndipo alipokuja jirani yetu, mama mzee aliyezaliwa visiwani Uskoti, na makaa mawili mfukoni mwa koti. Aliyatia motoni kwanza, kisha akaketi. Alisema haendi kuota moto wa wenzake mikono mitupu.

Ujio huo aliuita keili. Mimi nilimtafsiria bibi. Kwa Kigaeli cha kwao, keili ni kumtembelea jirani jioni bila kualikwa, mkae mpige soga. Limetokana na neno la kale lenye maana ya mwenzi. Watu wa mjini ndio waliolifanya dansi, na akisema hivyo uso ulimwiva. Bibi alicheka, kumbe hata Wazungu wanajua kubarizi.

Kisha mwenye nyumba akaweka geti la chuma na mlinzi. Kila mgeni sharti aseme kaalikwa na nani. Mama mzee alipoulizwa alijibu kweli, kwamba hakualikwa na mtu. Akazuiwa! Kutoka barazani bibi alimfokea mlinzi, Mkongomani mwenzetu.

"Jirani haitwake. Anakuyaka tu."

Mlinzi alijua vema kwamba kwetu jirani huja tu bila kuitwa; aliinamisha kichwa, akasema atafukuzwa kazi. Mama mzee akanipitishia makaa yake kati ya vyuma, akageuka.

Kesho yake bibi, ambaye magoti hayakumruhusu kutoka, alinituma nikamwalike ili aruhusiwe kuingia. Alikataa. Akialikwa, alisema, haitakuwa keili tena.

Nilimwona mkaidi wakati ule. Leo namwelewa, na hasira yangu yote ni kwa lile geti. Mbabula ilitupwa, baraza ikazibwa kwa vioo. Yule mama aliishi nyumba ya pili kutoka kwetu, akafa bila kuketi nasi tena. Halafu wananiambia keili ni tiketi.