Sauti Iliyomjibu Bi Mwanakombo

Hata leo nikipita mtaani kwetu Mtongwe nainamisha uso, maana kuna watu wazima na akili zao ambao jina langu hawalijui, wananijua kama yule aliyefuga jini ndani ya mashine, na mkitaka kucheka chekeni tu, nimeshazoea.

Miaka ya tisini ndiyo kwanza inaanza, binamu yangu baharia akaniletea mashine ya kurekodia, ile inayotumia kanda za kawaida lakini ina njia nne, sauti ya mtu njia hii, ngoma njia ile (nikajiona fundi, hata salamu za watu nikawa naitikia kwa kidevu). Bi Mwanakombo, mwimbaji wetu aliyenyamaza tangu mumewe afe, akakubali kuniimbia wimbo mmoja wa harusi ya mjukuu wake. Mmoja tu! Ukiharibika huo harudii, na mimi jina sina tena.

Kanda mpya sikuwa nayo. Nikafungua sanduku la mama nikatoa moja isiyoandikwa kitu, nikasikiliza upande mmoja, nyimbo za redio za Maskati tupu, nikasema hizi nani atazililia (baba alifia huko mimi mdogo, kanda ikaja na mizigo yake). Upande wa pili sikuugeuza.

Basi baada ya adhuhuri tukafunga madirisha, nikatundika mablanketi kuzuia kelele, chumba kikawa kiza na joto. Bi Mwanakombo akavaa hedifoni juu ya buibui, akajaribu sauti kidogo, akasita.

"Mwanangu, mbona sauti yangu yanijia nyuma? Neno nishalimaliza, lenyewe ndiyo kwanza laja."

Kumbe nilikuwa nimeipitisha sauti yake kwenye kisanduku cha mwangwi kabla ya kumfikia masikioni. Nikahamisha waya ili ajisikie moja kwa moja, na kwa vile sikujua vizuri kidude gani cha kusukuma kinafungua njia gani, nikavipandisha vyote vinne, spika kubwa nayo nikaiunga, nikabonyeza kumrekodi kwenye njia mbili za kwanza.

Akaimba, wallahi akaimba. Akafika mwisho wa ubeti akanyamaza, na mwanamume akaendelea.

Alikuwa mle chumbani na sisi. Maneno yake si Kiswahili, si Kiarabu, kila neno lilianza polepole likafura na kukatika ghafla, na pumzi alikuwa akizivuta pale ambapo mtu huzitoa.

"Ni nani huyu yuwanena masikioni mwangu?" Bi Mwanakombo akauliza kwa sauti ndogo.

"Si mimi, Bi." (Jibu gani hilo, jamani.)

Akachomoka mbio na hedifoni kichwani, waya unamfuata uani, viatu kaviacha, anapiga mayowe. Majirani walipojaa mlangoni walinikuta chini ya meza nasoma kila dua niijuayo, hadi ile ya kula. Mama Riziki wa nyumba ya pili akaingia na chetezo cha ubani kinafuka buhuri, akakizungusha juu ya mashine.

"Mashine hii imekuja na mwenyewe," akasema. "Mrudishieni baharia wenu."

Ile sauti ikakohoa, mara mbili, kikohozi kikavu cha mvuta sigara. Mama yangu alikuwa ameingia na mikono ya unga.

"Nyamazeni nyote," akasema. "Hicho kikohozi cha babako, Salimu."

Mashine za njia nne (hili nililijua siku hiyo, mbele za watu) husoma pande zote mbili za kanda kwa pamoja, na ule wa pili huusoma kinyumenyume. Mama akaitoa kanda, akaigeuza, akaitia kwenye redio yake, na baba akasema waziwazi:

"Mamake Salimu, nikijaliwa narudi. Na huyo mtoto asiiguse redio yangu, mikono yake ni ya kuharibu."

Chumba kizima kikaangua kicheko, Mama Riziki akatikisika mpaka majivu yakamwagika. Mama hakucheka.

"Miaka yote hii," akasema, "mimi nalikuwa nasikiza zile nyimbo tu."

Akatutoa nje sote, akafunga mlango. Bi Mwanakombo hakuniimbia tena abadan. Nikasimama barazani katikati ya vicheko, naapa kwamba kanda haitaingia mashineni mwangu kabla sijaisikiliza pande zote mbili, na humo ndani nikamsikia baba akisema neno, kisha mama akimjibu.