Zainabu Aliyenipitisha Kipaimara

Sisi tuliosoma kipaimara Nyaishozi kabla simu hazijafika, tunajuana. Katekisimu nzima tuliiweka kichwani huku tunamenya ndizi, huku tunageuza kahawa mkekani, huku mama anafoka kwamba maharage yanaungua. Watoto wa siku hizi ukiwapa amri tano wakariri, wanataka kwanza wapumzike!

Mimi, niseme ukweli, nilikuwa mzito. Amri ya nne ikiingia, ya tatu inatoka. Na mtihani wetu haukuwa wa karatasi: Jumapili, mbele ya usharika mzima, mchungaji anauliza, unajibu. Ukishindwa, unarudia mwaka pamoja na wadogo zako. Baba yangu, mzee wa kanisa, aliniambia, "Ukiniaibisha pale mbele, katafute baba mwingine." Nililia siku nzima.

Aliyeniokoa ni Zainabu, binti wa jirani yetu Mzee Idi, nyumba pekee ya Waislamu upande wetu. Madrasa ilikuwa imemfanya fundi wa kukariri. "Lete hicho kitabu," akasema. Tukawa tunakaa nyuma ya jiko lao kila alasiri. Kabla ya kukishika alinawa mikono, eti neno la Mungu halishikwi na mikono yenye udongo wa shamba. Mawe! nikashangaa kwa kilugha chetu. Mimi nilikuwa nakibeba kwenye kikapu pamoja na mihogo. Niliona haya kweli.

Akanifundisha kusoma kwa sauti huku nayumba mbele na nyuma, kama walivyofanya wao. Yakaingia! Ila alikuwa na tabia ya kunikatiza.

"Hapa mnamwita Mungu Baba. Kwa nini Baba?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Najua imeandikwa, si mimi ninayekusomea? Nakuuliza wewe."

Hakuwa ananikejeli, alitaka kujua. Nami sikuwahi kujiuliza hata siku moja. Nilikaa na swali hilo siku tatu, ndipo nikamjibu: baba yangu, pamoja na ukali wake wote, hajawahi kula kabla sisi hatujala. Zainabu akakifunga kitabu. "Sisi hatumwiti hivyo," akasema, "lakini nimekuelewa."

Jumapili ikafika. Nikasimama, nikafungua mdomo, na mwili ukaanza kuyumba wenyewe, mbele na nyuma! Kanisa likaangua kicheko. Mama akajifunika kitenge usoni.

"Kusoma huko umejifunza wapi?" mchungaji akauliza.

Nilitamani kudanganya. Nikamtazama baba, nikashindwa. "Kwa Zainabu, wa Mzee Idi."

Kicheko kikakatika. "Haya. Na maana yake unaijua, au umekariri tu? Kwa nini tunamwita Mungu Baba?"

Nikajibu vilevile nilivyomjibu Zainabu. Mchungaji akasema, "Kaa. Umefaulu." Baba alikuwa ameinamisha kichwa, anapangusa macho.

Kesho yake alikata mkungu mkubwa kuliko yote shambani, akaupeleka mwenyewe kwa Mzee Idi. Akakaribishwa, akanawa, akala. Miaka yote ya ujirani hakuwahi kuketi mle ndani.

Siku hizi nawasikia wanangu wakibishana kwenye simu na watu wasiowajua, dini ipi ni ya kweli. Matusi yanaruka, na hakuna anayemngoja mwenzake amalize sentensi. Nawahurumia. Mimi nimeridhika na dini yangu na ninaijua, kwa sababu kuna Mwislamu aliniuliza, akangoja siku tatu nimjibu.